Nani Mwenye Picha? Chapa za Ubao za Kijapani na Mandhari ya Edo

1. Utangulizi

Miongoni mwa picha zilizotengenezwa barani Asia, ni chache mno zilizosambaa duniani kama ile ya wimbi kubwa lenye povu mfano wa makucha, lililoinuka juu ya mashua tatu, huku Mlima Fuji ukionekana kwa mbali, mdogo, katikati ya bonde la maji. Picha hiyo hutajwa kwa jina la mtu mmoja, Katsushika Hokusai (1760–1849), na wengi huizungumzia kama kwamba aliiumba peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Usemi huo si wa uongo, lakini haukukamilika. Hokusai hakuuchonga ubao uliotoa picha hiyo, hakuipaka rangi, hakuichapa wala hakuiuza. Hata mchoro aliouandaa kwa mkono wake uliharibiwa siku ile ile mchongaji alipoanza kazi yake.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi chapa za ubao za Kijapani zilivyotengenezwa, na kwa nini chapa za mandhari na za maisha ya mjini zilistawi hasa katika miaka ya 1830 hadi 1858. Tutajaribu kuonyesha kwamba picha hizi ni zao la mikono mingi, la soko na la sheria, na kwamba anayezisoma kana kwamba ni kazi ya fundi mmoja hupoteza sehemu kubwa ya maana yake. Tutaanza na majina ya vitu, kwa sababu katika suala hili lugha yenyewe inatupa ushahidi.

2. Majina na maana zake

Wajapani huziita picha hizi *ukiyo-e*. Silabi ya mwisho, *e*, ina maana ya picha. Neno *ukiyo* lina historia ndefu zaidi. Hapo kale, katika fikra za dini ya Buddha, lilimaanisha ulimwengu wa huzuni, yaani maisha haya yapitayo ambayo mwenye busara hapaswi kuyashikilia. Katika karne ya 17 watu wa mijini waliligeuza neno hilo bila kubadili matamshi yake: badala ya herufi yenye maana ya huzuni waliandika herufi yenye maana ya kuelea. Ulimwengu ukawa ule ule unaopita, lakini hitimisho likawa kinyume. Kwa kuwa dunia inapita, basi na tuifurahie: michezo ya kuigiza, mavazi, maua ya majira ya kuchipua, mtaa wa starehe. Kwa hiyo tunaweza kuziita picha hizi «picha za ulimwengu uelekeao kupita», mradi tukumbuke kwamba katika jina hilo furaha na huzuni zimelala kitanda kimoja.

Majina ya watendaji yana mafunzo pia. Mwenye kuchora huitwa *eshi*, yaani fundi wa picha. Mwenye kuchonga ni *horishi*, kutokana na kitenzi *horu*, kuchonga. Mwenye kuchapa ni *surishi*, kutokana na kitenzi *suru*, kusugua. Hapa Kiswahili na Kijapani vinaachana kidogo: sisi tunasema «kupiga chapa», na kitenzi chetu kinabeba wazo la kugonga, lakini fundi wa Kijapani hapigi kitu. Hana mtambo wala gandamizo. Huweka karatasi juu ya ubao na kuisugua kwa mkono. Mwisho kuna mwenye biashara, ambaye huitwa *hanmoto*. Neno hili limeundwa na *han*, ubao wa kuchapia, na *moto*, asili au chimbuko. Mchapishaji ndiye «asili ya ubao». Ndiye aliyeagiza picha, aliyewalipa mafundi wote, na aliyezimiliki mbao, ambazo zilikuwa mali ya kuuzwa na kununuliwa kama shamba au duka. Mwenye mbao ndiye aliyekuwa na haki ya kuchapa.

Sahihi za wachoraji zinakubaliana na mgawanyo huo. Juu ya picha ya wimbi Hokusai ameandika kwamba imetoka katika burashi ya Iitsu, ambaye hapo awali aliitwa Hokusai. Utagawa Hiroshige (1797–1858) huandika jina lake na kuongeza herufi moja tu, yenye maana ya «amechora». Hawakudai zaidi ya walichokifanya. Ni sisi, wasomaji wa baadaye, tuliowapa yote.

3. Mji wa Edo na wanunuzi wake

Chapa za ubao zilikuwepo Japani karne nyingi kabla, hasa kwa ajili ya vitabu na sanamu za dini. Kilichozigeuza kuwa bidhaa ya watu wengi ni mji. Mwaka 1603 Tokugawa Ieyasu alitawazwa kuwa shoguni, yaani mtawala wa kijeshi wa nchi nzima, na akaiweka serikali yake Edo, mji ambao tangu mwaka 1868 unaitwa Tokyo. Tangu mwaka 1635 sheria iliwalazimisha mabwana wa majimbo kuishi kwa zamu kati ya Edo na majimbo yao, na kuziacha familia zao mjini kama dhamana ya utii. Kila msafara wa bwana mmoja ulikuwa na mamia ya watu. Hivyo mji ukajaa askari, watumishi, mafundi na wafanyabiashara, na wataalamu hukadiria kwamba katika karne ya 18 wakazi wake walifikia takriban milioni moja.

Watu hao walihitaji burudani na zawadi za kupeleka nyumbani. Hishikawa Moronobu (aliyefariki mwaka 1694) huhesabiwa miongoni mwa wa kwanza kuitoa picha katika kitabu na kuiuza kama karatasi moja inayojitegemea. Mwanzoni picha zilikuwa nyeusi tu. Kisha zikapakwa rangi kwa mkono. Na katika miaka ya 1740 zikaanza kuchapwa kwa rangi mbili au tatu. Mwaka 1765, kundi la wapenda ushairi lilipokuwa likibadilishana kalenda zilizopambwa, mchoraji Suzuki Harunobu na mafundi walioshirikiana naye walitoa chapa za rangi nyingi zilizofananishwa na hariri iliyotariziwa. Tangu hapo rangi kamili ikawa kawaida.

Bei haikuwa kubwa. Karatasi moja ya chapa hulinganishwa kwa kawaida na bei ya bakuli moja au mawili ya tambi barabarani. Fundi seremala aliweza kuinunua. Msafiri aliweza kuikunja na kuitia mzigoni. Hakuna aliyeitundika ukutani kwa heshima kama mchoro wa burashi wa wakubwa. Ilibandikwa kwenye kiambaza, ikapewa mtoto, ikachakaa, ikatupwa.

4. Kazi ya mikono minne

Tufuatilie sasa picha moja tangu kuagizwa hadi kuuzwa.

Mchapishaji huanza kwa kukisia: watu watapenda nini mwaka huu? Humwita mchoraji na kuafikiana naye juu ya somo. Mchoraji hutengeneza mchoro wa mistari kwa wino mweusi juu ya karatasi nyembamba. Tangu mwaka 1790 mchoro ulipaswa kukaguliwa kabla ya kuchongwa, na idhini ilionekana katika muhuri mdogo uliochapwa ndani ya picha yenyewe.

Baada ya idhini, karatasi ya mchoro hugandishwa juu ya ubao uso ukiwa umelala chini, ili picha iwe kinyume. Ubao ni wa mti wa mcheri wa milimani, ambao ni mgumu na una nyuzi zilizoshikamana. Hukatwa kwa kufuata urefu wa shina. Mchongaji huisugua karatasi hadi mistari ionekane vizuri, kisha kwa kisu hukata kandokando ya kila mstari, upande huu na upande huu, na kwa patasi huondoa mbao iliyobaki katikati. Kinachobaki kimeinuka ndicho kitakachochapa. Nywele za paji la uso wa mwanamke, ambazo mchoraji aliziashiria tu, zilikatwa na mchongaji mkuu kwa upana usiofika milimita moja. Wanafunzi wake waliachiwa majani na mikunjo ya nguo. Kazi ikiisha, mchoro umekwisha. Umeliwa na kisu.

Kutokana na ubao huo wa mistari hutolewa nakala kadhaa nyeusi, na mchoraji huonyesha juu ya kila nakala mahali pa rangi moja. Kwa kila rangi, au kwa kila kundi la rangi zisizogusana, huchongwa ubao wake. Ili rangi zisipishane, kila ubao huachiwa alama mbili zilizoinuka, moja kwenye pembe na nyingine kwenye ukingo, ambazo huitwa *kento*. Mchapaji huegemeza karatasi kwenye alama hizo kila mara. Kosa la unene wa uzi mmoja likitokea, mdomo wa mtu hutoka nje ya uso wake.

Mchapaji naye si mtu wa kurudia tu. Karatasi yake hutokana na gome la mti wa kozo, ambao ni wa jamii moja na mforosadi. Ina nyuzi ndefu na huvumilia kusuguliwa mara kumi au ishirini. Hupakwa kwanza maji ya gundi na shabu ili rangi isisambae, kisha hutiwa unyevu. Rangi huchanganywa na maji na uji mzito wa mchele, hupakwa juu ya ubao kwa burashi, na karatasi ikishalazwa husuguliwa kwa *baren*, kisahani bapa kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Anga lenye buluu nzito juu na inayofifia taratibu kuelekea upeo wa macho halikuchongwa popote. Ubao wa anga ni bapa. Ni mchapaji aliyeufuta kwa kitambaa chenye maji kabla ya kila karatasi, na kuipima rangi kwa jicho lake. Toleo la kwanza, kwa kadiri ya mapokeo ya kazi hiyo, lilikuwa na karatasi 200 hivi. Picha ikipendwa, mbao zilitumika tena na tena hadi mistari ilipochakaa na kukatika.

Katika chapa nyingi jina la mchoraji na alama ya mchapishaji huonekana wazi. Jina la mchongaji huonekana mara chache, zaidi katika miaka ya 1840 hadi 1860. Jina la mchapaji ni nadra zaidi. Anga tunalolisifu kwa jina la Hiroshige lilitiwa rangi na mtu ambaye mara nyingi historia haikumwandika.

5. Kwa nini mandhari?

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 somo kuu la chapa lilikuwa watu: waigizaji wa kabuki na wanawake wa mtaa wa Yoshiwara. Mahali palikuwa pazia la nyuma tu. Mambo matatu yalibadili hali hiyo.

La kwanza ni barabara. Njia ya Tokaido, yenye urefu wa takriban kilomita 500, iliunganisha Edo na Kyoto, na kando yake kulikuwa na vituo 53 vya kupumzikia. Ilipitwa na misafara ya mabwana, wachuuzi na mahujaji waliokwenda kwenye hekalu kuu la Ise. Watu wa kawaida walihitaji kibali ili kusafiri, na hija ilikuwa sababu iliyokubalika kwa urahisi. Vitabu vya mwongozo vilivyojaa picha vilichapishwa, na tangu mwaka 1802 masimulizi ya kuchekesha ya Jippensha Ikku juu ya wasafiri wawili wa Tokaido yalisomwa kwa hamu kubwa. Aliyesafiri alitaka kumbukumbu. Asiyeweza kusafiri alitaka kusafiri kwa macho.

La pili ni rangi. Buluu za zamani zilikuwa na kasoro: ile ya maua ilififia upesi mbele ya mwanga na maji, na nili haikuwa rahisi kuichapa kwa uangavu. Mwanzoni mwa karne ya 18 iligunduliwa mjini Berlin buluu mpya ya kemikali, nzito na isiyofifia kwa urahisi. Waholanzi waliiingiza Japani kupitia Nagasaki, lakini ilikuwa ghali. Katika miaka ya 1820 iliingia pia kwa meli za Wachina, na bei ikashuka. Karibu mwaka 1829 Keisai Eisen alikwisha kuitumia katika picha za buluu tupu. Sasa bahari, mto na anga viliweza kujaza karatasi nzima. Mchapishaji Nishimuraya Yohachi alipotangaza mwanzoni mwa mwaka 1831 mfululizo wa Hokusai wa mionekano 36 ya Mlima Fuji, hakutaja mlima peke yake. Alitangaza pia kwamba picha zimechapwa kwa buluu. Rangi yenyewe ilikuwa bidhaa. Mfululizo huo ulipendwa hata ukaongezwa picha 10, zikawa 46 kwa jumla. Zile 36 za kwanza zina mistari ya buluu. Zile 10 za nyongeza zina mistari myeusi.

La tatu ni sheria. Serikali ya shoguni iliziogopa picha zilizogusa siasa au anasa. Mwaka 1804 Kitagawa Utamaro, bingwa wa picha za wanawake, aliadhibiwa kwa kumchora Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa karne ya 16, na mikono yake ikafungwa pingu siku 50. Alifariki mwaka 1806. Mwaka 1842 picha za waigizaji na za wanawake wa starehe zilipigwa marufuku kwa muda, na idadi ya mbao za rangi pamoja na bei vikawekewa mpaka. Mandhari zilikwisha kustawi kabla ya marufuku hayo, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba sheria ndiyo iliyozizaa. Hata hivyo ziliwapa wachapishaji somo la salama: mlima hauna kosa, na mvua haimtukani mtawala.

Hapa inafaa tutofautishe neno letu na lao. Neno «mandhari» limetujia kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama. Mandhari ni kile ambacho jicho linakiona. Wajapani waliziita picha nyingi za aina hii *meisho*, yaani mahali penye jina. Mahali hapo palijulikana kwa mashairi, kwa hekalu, kwa maua au kwa vita vya zamani, hata kwa mtu ambaye hajafika. Kwa hiyo mnunuzi hakudai kwamba picha ishuhudie kilichoonekana siku fulani. Alidai ikubaliane na jina.

6. Picha nne

Tuchukue mifano ili maelezo haya yaonekane.

Wa kwanza ni ule wa wimbi. Mara nyingi huelezwa kuwa ni picha ya bahari, lakini ni picha ya kazi pia. Mashua zile ndefu ni za mwendo wa kasi, zilizopeleka samaki wabichi kwenye masoko ya Edo. Waendeshaji wamejiinamia juu ya makasia yao. Mlima mtakatifu umekuwa mdogo kuliko wimbi, jambo linalowezekana tu kwa kanuni ya Ulaya ya kupunguza ukubwa wa vitu kwa kadiri ya umbali, kanuni ambayo wachoraji wa Edo waliifahamu tangu miaka ya 1740 kupitia picha za Kichina na vitabu vya Kiholanzi. Rangi ni ya Berlin, kanuni ni ya Ulaya, mti ni wa Japani, samaki ni wa soko la Edo.

Wa pili ni Kanbara, kutoka mfululizo wa Hiroshige wa vituo 53 vya Tokaido, uliotolewa na mchapishaji Takenouchi Magohachi karibu miaka ya 1833 na 1834. Mfululizo una picha 55, kwa kuongeza mwanzo na mwisho wa njia. Katika Kanbara ni usiku. Theluji imefunika paa na milima. Watu watatu wanapita wakiwa wameinama, nao hawatazamani. Lakini Kanbara iko kando ya ghuba yenye hali ya hewa ya upole, ambako theluji nzito kama hiyo ni nadra. Aidha, tunajua kwamba katika mfululizo huu Hiroshige aliazima sura kadhaa kutoka kitabu cha mwongozo kilichochapwa mwaka 1797. Je, alidanganya? Kwa kipimo cha *meisho*, hapana. Alikipa kituo hali ya moyo, na wanunuzi waliikubali. Tena zipo chapa za Kanbara ambazo anga lake ni jeusi juu, na nyingine ambazo weusi umepanda kutoka chini. Mistari ni ile ile. Usiku ni tofauti. Tofauti hiyo ni ya mchapaji na mwajiri wake.

Wa tatu na wa nne ni kutoka mionekano mia moja ya Edo, mfululizo ambao Hiroshige aliuanza mwaka 1856 na kuuendeleza hadi kifo chake mwaka 1858, kwa mchapishaji Uoya Eikichi. Tarehe hizi si jambo dogo. Mnamo Novemba 1855 tetemeko la ardhi liliipiga Edo, likaua maelfu ya watu na kuteketeza mitaa kwa moto. Katika picha 118 alizozichora Hiroshige magofu hayaonekani kwa urahisi. Mji umesimama, maua yamechanua, fataki zinapasuka juu ya mto. Baadhi ya wataalamu huona kwamba picha kadhaa zilitolewa wakati mahekalu yanayoonyeshwa yalipokwisha kukarabatiwa. Kwa mkazi aliyepoteza nyumba, karatasi ya bei ya tambi iliyoonyesha mji wake ukiwa mzima haikuwa pambo tu.

Katika picha moja ya mwaka 1857 tunaona mtaa wa watia rangi wa Kanda. Vitambaa virefu vimeanikwa juu kabisa, na Fuji iko mbali kati yake. Juu ya vitambaa kuna alama: moja ni ya mchoraji, nyingine ni ya mchapishaji Uoya. Tangazo la biashara limetundikwa hadharani ndani ya sanaa, na wala haliiharibu.

Katika nyingine ya mwaka huo huo, paka mweupe ameketi kwenye dirisha lenye fito, akitazama mashamba ya mpunga. Mbali sana, wadogo kama chungu, watu wanapita katika msafara wa sikukuu. Sakafuni kuna vibanio vya nywele vyenye umbo la reki ndogo, zawadi ya sikukuu hiyo. Dirishani kuna bakuli na taulo. Chumba ni cha Yoshiwara, na mwanamke mwenye chumba haonekani. Wanawake wa mtaa ule hawakuwa huru kutoka watakapo. Picha haisemi neno juu ya jambo hilo. Inatuonyesha fito za dirisha, sherehe iliyo mbali, na paka anayeweza kutazama.

7. Safari ya ng'ambo na swali la asili

Baada ya meli za kivita za Marekani kufika mwaka 1853 na mikataba ya biashara kutiwa sahihi mwaka 1858, chapa zilianza kusafiri kwa wingi. Katika maonyesho ya kimataifa ya Paris ya mwaka 1867 Japani ilishiriki rasmi. Mwaka 1872 mhakiki Philippe Burty aliyapa mapenzi hayo mapya ya vitu vya Japani jina la Kifaransa. Mwaka 1887 Vincent van Gogh alinakili kwa rangi za mafuta picha mbili za Hiroshige, bustani ya Kameido na mvua ya ghafla juu ya daraja. Mwaka 1905 Claude Debussy alipochapisha muziki wake juu ya bahari, wimbi la Hokusai liliwekwa kwenye jalada.

Wasanii wa Ulaya walifikiri wamepata sanaa ya mbali kabisa, isiyoguswa na ya kwao. Tumekwisha kuona kwamba ndani yake mlikuwemo buluu ya Berlin na kanuni ya umbali ya Ulaya. Waliipokea pia kwa mazoea yao wenyewe, ambayo hudai kila kazi iwe na muumbaji mmoja. Hivyo Hokusai na Hiroshige wakawa majina makubwa, na wachongaji na wachapaji wakarudi gizani. Huko Japani kwenyewe, bidhaa iliyodharauliwa kwa urahisi wake ilikuwa ikinunuliwa na wafanyabiashara na kupelekwa nje kwa maelfu. Leo jumba la makumbusho la sanaa la Boston peke yake lina chapa za Kijapani zaidi ya 50,000.

Swali la mwenye picha halikuishia hapo. Mwaka 1904 Yamamoto Kanae alitoa picha ya mvuvi aliyoichora, kuichonga na kuichapa mwenyewe. Kundi lililomfuata lilishika kanuni hiyo: mchoro wangu, uchongaji wangu, uchapaji wangu. Upande mwingine, mchapishaji Watanabe Shozaburo aliutetea mgawanyo wa kazi wa zamani, akawaajiri mafundi na kushirikiana na wachoraji kama Kawase Hasui (1883–1957), ambaye mandhari yake ya theluji na mvua yanajulikana sana. Tetemeko la mwaka 1923 liliteketeza mbao za Watanabe, naye akaanza upya. Pande zote mbili zilitoa kazi nzuri, na ubishi wao haukumalizika kwa ushindi wa yeyote.

Lipo tukio moja la karibuni linaloliweka swali hili wazi kuliko hoja zote. Mwaka 2020 jumba la makumbusho la Uingereza, British Museum, lilipata michoro 103 ya Hokusai iliyokusudiwa kwa kitabu. Ni michoro ya mkono wake halisi, midogo na mizuri ajabu. Imehifadhiwa kwa sababu moja: kitabu hakikuchapishwa. Kama kazi ingefaulu, kisu cha mchongaji kingeila yote. Tuna mkono wa Hokusai pale tu ambapo chapa ilishindikana. Na pale chapa ilipofaulu, tuna mikono minne.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba chapa ya mandhari ya Kijapani ilizaliwa na barabara, rangi, sheria na soko, na kwamba kila karatasi ilipita mikononi mwa mchapishaji, mchoraji, mchongaji na mchapaji. Tumeona pia kwamba hakuna «asili» moja ambayo chapa nyingine ni nakala zake. Chapa za wimbi zinazojulikana duniani leo ni zaidi ya 100, na hakuna mbili zilizo sawa kabisa: moja ina anga lenye rangi ya waridi, nyingine imefifia, nyingine mstari wake umekatika kwa uchakavu wa ubao. Kila moja ni picha kamili.

Kwa mwanafunzi wa sanaa na wa fasihi, funzo ni la uangalifu. Tukiulizwa ni nani mwenye picha, tusikimbilie sahihi. Tuangalie muhuri wa mkaguzi, alama ya duka, ukali wa mstari na anga lililofutwa kwa kitambaa chenye maji. Mnamo Julai 2024 serikali ya Japani ilitoa noti mpya ya yen 1,000, na nyuma yake kuna wimbi lile lile. Bidhaa iliyouzwa zamani kwa bei ya tambi sasa yenyewe imekuwa fedha ya kununulia tambi, nayo imerudi mikononi mwa watu wengi, mahali ilipoanzia.